Paa halifungi: kutafuta kosa kwenye mapaa ya vitofali vya LEGO

Ukuta wa vitofali haumsumbui mtu. Unapanga mstari juu ya mstari, madirisha yanakaa mahali pake, jioni moja inatosha. Kazi inaanza pale paa linapotakiwa kulala kwa mshazari, upande mmoja ukutane na wa pili kileleni, kisha lipinde kona na kuteremka tena juu ya baraza. Hapa Moshi nimejenga kwa vitofali nyumba ya shangazi iliyoko mtaa wa Soweto hapa hapa mjini, kanisa lenye paa lililosimama sana, na nyumba ya msonge ya Kichagga, zote ndogo za kukaa mezani, na zote tatu ziligoma zilipofika paani.

Aliyenifungua macho ni fundi wa kupaua. Mzee huyo alikuja nyumbani kuziba tundu la bati, akaikuta nyumba ya shangazi mezani, paa limeachama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii nyumba naijua. Mbona bati halikutani?"

Nikamweleza nilivyounganisha mabamba mekundu kuwa pande mbili kubwa, nikazifunga kwa bawaba, nikaziinamisha mpaka zikaonekana sawa kwa macho. Akatikisa kichwa.

"Umekata bati kwanza, ndiyo sasa unatafuta kenchi. Sisi tunapima kenchi, bati linafuata."

Kenchi ni fremu ya mbao inayobeba bati. Tangu siku hiyo naanza na paa kabla sijaweka hata kitofali kimoja cha ukuta, na paa ndilo linaloamua ukubwa wa nyumba nzima. Karibu kila dalili iliyo hapa chini, ukiifuatilia mpaka mwisho, inakurudisha kwenye kenchi.

Vipimo vya kuwa navyo kichwani

Kinundu ni kile kijidude cha duara kinachochomoza juu ya kitofali. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kitofali cha kawaida kina kimo cha milimita 9.6, bila kuhesabu kinundu chake. Bamba, yaani kile kipande chembamba, lina milimita 3.2, kwa hiyo mabamba 3 ni sawa na kitofali 1. Ugumu wote wa mapaa umejificha hapo: ukienda mbele unatembea kwa 8, ukienda juu unapanda kwa 3.2. Hatua hizo zinakutana kwenye milimita 16, ambapo vinundu 2 vinakuwa sawa na mabamba 5. Mimi nimeandika "2 kwa 5" kwenye karatasi na kuibandika ukutani, maana naitumia kila siku ninayokaa kujenga.

Dalili: pande mbili hazikutani kileleni, au zinakutana na kusukumana

Ukiona ufa kileleni, mkono unataka kuinamisha bawaba kidogo zaidi. Usifanye hivyo kwanza. Ukiinamisha, ufa unafungwa juu na kufunguka chini, pale paa linapokutana na ukuta. Chukua rula ya milimita upime mambo matatu: umbali wa kulala kutoka bawaba ya ukutani hadi chini ya kilele, umbali wa kupanda hadi kilele, na urefu wa mshazari wenyewe. Vyote vitatu vipimwe kutoka katikati ya kijiti cha bawaba hadi katikati ya kijiti kingine. Kosa langu kwa miezi mingi lilikuwa kuhesabu vinundu vya bamba. Bamba la vinundu 10 likishafungwa vibanio, yaani vipande vinavyokamata kijiti, halina tena urefu wa vinundu 10 kati ya kijiti na kijiti, kwa sababu vibanio vyenyewe vinaongeza au kupunguza.

Vipimo hivyo vitatu lazima vitengeneze pembetatu mraba. Tulisoma shuleni kanuni ya Pythagoras, na mimi sikujua kuwa siku moja ningeipenda hivi. 3, 4 na 5 ndiyo familia ya kwanza. Ila kwenye vitofali kuna mtego: vinundu 3 kwenda juu ni milimita 24, sawa na mabamba 7 na nusu, na nusu ya bamba haipo. Basi zidisha mara mbili. Panda vinundu 6, lala vinundu 8, mshazari uwe vinundu 10. Vinundu 6 ni milimita 48, na milimita 48 ni vitofali 5 kamili, bila kubaki wala kupungua. Siku nilipoligundua hilo nilisimama nikazunguka meza. Paa la aina hiyo lina mwinamo wa karibu nyuzi 37.

Kama unataka paa lililosimama zaidi, kama la kanisa, geuza pembetatu: panda vinundu 4, ambavyo ni milimita 32 au mabamba 10, lala vinundu 3, mshazari vinundu 5. Hapo unapata karibu nyuzi 53.

Sasa tazama jinsi paa linavyochagua ukubwa wa nyumba. Nyumba ya shangazi ina upana wa mita 12, na kilele kiko karibu mita 4 na nusu juu ya ukuta. Nusu ya upana ni mita 6. Nikisema mita 6 ziwe vinundu 8, kila kinundu kinabeba sentimita 75, na zile mita 4 na nusu zinakuwa vinundu 6 vilevile. Ukuta wa mita 3 unakuwa vinundu 4 kwenda juu, yaani vitofali 3 na bamba 1. Kila kitu kimekaa. Mwanzoni nilikuwa nimeamua kinundu kimoja kiwe mita moja kwa sababu ni rahisi kuhesabu, na urahisi huo ndio ulionigharimu paa zima.

Kama tofauti iliyobaki haifiki milimita 1, iache. Vibanio vina ulegevu wa kuimeza. Ikizidi hapo, usilazimishe. Bamba lililopinda leo litapasuka kibanio mwezi ujao.

Jambo jingine dogo: bawaba zile zinazolia "ta, ta, ta" ukizikunja husimama kila baada ya nyuzi 22.5. Ni imara sana, lakini hazijui nyuzi 37. Kwa paa la 6, 8, 10 tumia bawaba laini, au vibanio vinavyoshika kijiti. Kileleni napitisha kijiti kimoja kirefu, vibanio vya upande huu na upande ule vinapishana juu yake kama meno ya vitana viwili.

Dalili: paa limesimama kuliko lilivyo kwenye picha

Hii huwapata wanaotumia vitofali vya mteremko vilivyokuja tayari. Kitofali kinachoitwa cha nyuzi 45 kina mdomo mdogo ulionyooka chini. Ukikitazama peke yake ni nyuzi 45 kweli. Ukivipanga kimoja juu ya kingine, kila kimoja kinarudi nyuma milimita 8 na kupanda 9.6, na paa zima linakuwa na nyuzi 50. Vya nyuzi 33 vinarudi nyuma vinundu 2, yaani milimita 16, na paa linatoka na nyuzi 31. Kwenye nyumba ndogo, macho yanaliona.

Kabla ya kulaumu vitofali, hakikisha picha yako haidanganyi. Wengi hupiga picha wakiwa getini, simu ikitazama juu, na paa linaonekana limelala kuliko ukweli. Simama mbali, mkabala na ukuta wa pembetatu, simu ikiwa wima. Kisha pima kwenye kioo cha simu: kupanda kugawanywe kwa nusu ya upana. Nyumba isiyo na ukuta wa pembetatu, ile ya mapaa manne, nenda mbali zaidi, maana kilele kiko nyuma ya ukingo na kinaonekana kifupi. Au muulize aliyepaua. Mafundi wanakumbuka kimo cha kenchi waliyopandisha wenyewe.

Dalili: kona za paa zinaacha ufa unaopanuka kuelekea juu

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, na hapa ndipo nyumba zetu za sasa zinapokuwa ngumu. Paa la mgongo wa tembo lina pande mbili tu, umelimaliza. Lakini pita mtaa wowote mpya wa Moshi au Arusha uone bati la msauzi: mapaa manne, kibaraza kinatokeza, gereji inatokeza, kona ya nje, kona ya ndani, kofia za bati, zile zinazofunika maungio ya kona, zikipanda pande zote.

Kosa la kawaida ni hili. Ukiitazama nyumba kutoka juu, kama ndege, mstari wa kona unakatiza kwa nyuzi 45 sawasawa. Basi mtu anachukua mabamba ya kabari yaliyokatwa nyuzi 45, anayapanga kwenye ukingo wa kila upande, anainamisha, na ufa unafunguka. Anainamisha tena, ufa unahama. Hakuna mwinamo utakaoufunga, kwa sababu bati halilali sakafuni.

Chukua paa letu. Ukitembea kwenye ukingo wa chini vinundu 8 kuelekea katikati, ncha ya juu ya kona haiko vinundu 8 juu ya mteremko. Iko vinundu 10, kwa kuwa mshazari ni mrefu kuliko sakafu iliyo chini yake. Uliyekata kwa nyuzi 45 umekata 8 kwa 8. Umepungukiwa vinundu 2, milimita 16 nzima. Mkato unaotakiwa juu ya bati lenyewe ni kama nyuzi 51.

Tiba ninayoitumia ni ngazi. Kila safu unayopanda, ingia ndani kinundu 1. Kila ukifika safu ya 5, usiingie. Vinundu 4 kwenda ndani kwa vinundu 5 kwenda juu, mpaka kileleni. Ukingo utakuwa na meno kama msumeno, na hilo lisikutishe, kwa sababu fundi wa bati halisi naye ana ukingo usiopendeza chini ya kofia. Juu ya meno hayo laza kofia: mkanda wa vipande laini visivyo na vinundu, wenye upana wa kinundu 1. Mkanda huo kwa paa letu unahitaji urefu wa vinundu 12.8 na unalala kwa nyuzi 28. Kona siku zote hulala kuliko bati linalozigusa, na ukilisahau hilo, kofia itaning'inia hewani. Ifunge kwa kibanio kimoja kileleni, chini iache ijilalie. Meno ya milimita 1 au 2 yanaweza kuchungulia pembeni; weka bamba jeusi chini yake, na jicho litaona kivuli tu.

Kadiri paa linavyolala, ndivyo shida hii inavyopungua. Paa la nyuzi 20 linahitaji vinundu 8 na nusu tu kwa kila 8 vya ukingo, na hapo mabamba ya nyuzi 45 yanatosha, kofia inafunika kilichobaki. Kwa anayeanza, ningemshauri achague nyumba ya paa lililolala.

Na kama nyumba yako ni ndogo kabisa, ya vinundu 6 au 8, achana na bawaba. Vitofali vya mteremko vya nyuzi 45 vina ndugu zao wa kona ya nje na wa kona ya ndani, na vinafungana bila hesabu. Utapoteza usahihi wa mwinamo, utapata paa lisilovuja mwanga. Kwa ukubwa huo ni biashara nzuri.

Dalili: bonde kati ya mapaa mawili lina tundu

Bonde ni kona iliyogeuzwa, lakini kofia haiwezi kukaa bondeni. Nilijaribu kufunga pande zote mbili zikutane barabara, nikashindwa mara nne. Kisha nikakumbuka mafundi wanavyofanya: bati la bonde linatangulia chini, mengine yanakuja kulalia juu yake. Basi paa kubwa lijenge lipite lote, kama vile kibaraza hakipo. Paa dogo la kibaraza lijenge peke yake, ukingo wake wa nyuma uwe na ngazi ile ile ya 4 kwa 5, kisha liegemeze juu ya paa kubwa. Tundu limekwisha, kwa kuwa nyuma yake kuna bati jingine. Ni lazima tu paa dogo liinuke kwa unene wa bamba moja kuliko hesabu inavyosema, na ukuta wa kibaraza uupandishe vivyo hivyo.

Dalili: nyumba inaonekana imebebeshwa godoro

Hesabu zote sahihi, paa limefunga, lakini nyumba ni nzito kichwani. Sababu ni unene. Kinundu kikiwa sentimita 75, bamba moja ni sentimita 30. Ukiweka mabamba mawili yaliyounganishwa kwa kupishana, pamoja na vipande laini juu, umempa shangazi bati la karibu sentimita 90. Punguza tabaka: vipande laini vyenyewe viwe ndivyo vinavyounganisha mabamba ya chini, usiweke tabaka la tatu. Kwenye ukingo, tabaka la chini liishie kinundu 1 nyuma, ili mtu aone wembamba wa tabaka moja tu, kama fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Kisha shusha ukuta kwa bamba 1 ili kimo cha nyumba yote kibaki palepale.

Ukingo huo unaotokeza una kazi ya pili. Pembeni, ambapo ukuta ni wa ngazi na paa ni la mshazari, hubaki vijitundu vya pembetatu. Paa likitokeza kinundu 1 nje ya ukuta, kivuli chake kinavifunika vingi. Vilivyobaki navijaza na vile vipande vidogo vya mteremko vya kinundu 1, ambavyo wajenzi wa nje huviita jibini kwa umbo lake.

Dalili: msonge haufungi duara

Nyumba ya msonge ni koni inayoanzia karibu na ardhi, imefunikwa nyasi au majani makavu ya migomba, na Marangu zipo zilizojengwa kwa ajili ya wageni kuziona. Nilitengeneza pande 8 za pembetatu, nikazifunga moja kwa nyingine kwa bawaba mpaka ya mwisho ikatakiwa kukutana na ya kwanza. Ilipungua kwa upana wa kidole. Kila bawaba ina kosa dogo, na duara hukusanya makosa yote 8 na kuyaweka mahali pamoja. Usizifunge pande zenyewe kwa zenyewe. Simamisha nguzo ya vitofali vya duara katikati, kila upande ushike nguzo hiyo juu kwa kibanio chake, chini uegemee ngoma ya duara iliyofichwa ndani. Makosa yanagawanyika kwa pande zote 8, na ufa mwembamba unaobaki kati yake unafanana na mikunjo ya nyasi. Kwa msonge mdogo sana, kipande kimoja cha koni kilichokuja tayari kinatosha.

Dalili: jana lilikaa, leo limeshuka

Kompyuta haitakuonyesha bawaba iliyochoka. Mchoro unakaa kwa nyuzi 37 milele. Paa lenye uzito linashuka usiku. Vitofali vyangu vingi ni vya mtumba, na ninavishukuru, kwa sababu bila hivyo nisingejenga chochote. Lakini kila kibanio nakikagua kwa mwanga kabla ya kukipeleka paani. Chenye ufa mweupe shingoni nakiacha. Vumbi nalo hulegeza, basi osha kwa mkono na sabuni, maji yasizidi nyuzi joto 40, kausha kivulini. Tenga pia vitofali vya kuiga. Panga 10 vyake kando ya 10 halisi: kama mwisho wa mistari haulingani hata kwa unene wa ukucha, vitumie ndani ya kuta, visiende paani.

Dawa yenyewe ni kenchi. Chini ya kila upande weka vituo viwili vya vitofali, kimoja kwenye theluthi ya chini, kingine kwenye theluthi ya juu, vya kimo ambacho paa linavigusa likiwa kwenye mwinamo sahihi. Kwenye paa la 6, 8, 10, kituo kilicho vinundu 4 kutoka bawaba kinapanda vinundu 3, milimita 24. Toa hapo kimo cha kinundu na unene wa bamba kama bawaba yako iko juu ya bamba, kisha jaribu kwa mabamba mpaka paa lilale bila kuruka. Vibanio sasa vinazuia paa lisiteleze tu, uzito umebebwa na vituo. Liache usiku kucha. Asubuhi pima tena kutoka kilele hadi meza, na kama limeshuka zaidi ya milimita 1, ongeza kituo cha tatu chini ya kofia ya kona, maana hapo ndipo nyumba ya shangazi ilipokuwa inalegea.